Mwezi wa Kugusa

Hospitalini walimwita Mama Plasta, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko lile lililoandikwa kwenye cheti chake. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kuwafunga plasta waliovunjika mikono na miguu. Aliloweka bandeji kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, akaikamua, akaizungusha juu ya mfupa uliokwisha nyooshwa na daktari, kisha akailainisha kwa kiganja mpaka ikakauka. Watoto wakilia aliwaambia plasta yake ni kiatu cha mfalme. Watu wazima wakilia aliwaambia wanyamaze, watoto wanasikia. Baada ya wiki sita mgonjwa alirudi, na Mama Plasta akachukua msumeno mdogo wa umeme, akaipasua kazi ya mikono yake mwenyewe, akaitupa kwenye pipa. Mgonjwa alikuna mguu, akashukuru Mungu na daktari, akaenda zake.

Aliishi na dada yake wa tumbo moja, aliyemzidi miaka mitano. Dada alipofuka akiwa na miaka mitatu, kwa surua, na hakuwa na kumbukumbu hata moja ya kuona. Alikuwa mpokea simu katika ofisi moja kubwa. Alimtambua mtu kwa kikohozi tu kabla hajajitaja, na wakubwa wa pale walimstahi kwa sababu alijua nani anampigia nani na kwa sauti ya namna gani. Ulimi wake ulikuwa wembe. Mtu akimwambia "pole na macho," alimjibu, "Ahsante, na wewe pole na maneno."

Jambo lenyewe lilianzia kwenye hiyo simu. Kituo cha Anga kilikuwa kikitangaza redioni kwamba kinafungua ukumbi mpya ili sayansi ya nyota na sayari itoke vitabuni na kuwafikia wananchi. Kila tangazo lilimalizika kwa maneno yale yale: anga ni la wote. Dada alilisikia mara tatu katika wiki moja. Mara ya nne akainua mkono wa simu, akawapigia.

"Nimesikia anga ni la wote," alisema. "Na sisi tusioona tumo?"

Aliyepokea alikuwa kijana mmoja mtaalamu wa mwezi, mtu mpole, mwenye kugugumia kidogo akishtuliwa. Akasema, "Mmo, dada. Ila sijui mmo vipi."

"Angalau hukunidanganya. Nitakuja Jumamosi unioneshe hicho usichokijua."

Jumamosi wakaenda wote wawili, Dada ameshika kiwiko cha mdogo wake. Mtaalamu aliwakaribisha kwenye chumba kilichojaa ramani, akamwekea Dada mikononi mfano wa mwezi unaotumika mashuleni, tufe la plastiki lenye ukubwa wa tikiti. Dada akaligeuza, akalipapasa juu na chini, akaligonga kwa ukucha.

"Huu ni mpira, mdogo wangu."

"Ni mwezi, dada. Mashimo yake yamechorwa."

"Yamechorwa kwa ajili ya nani?"

Mama Plasta alikuwa amesimama mbele ya ramani kubwa ukutani, na kadiri alivyoitazama ndivyo alivyoiona kama picha ya mfupa: hapa pamevimba, hapa pamepasuka, hapa palivunjika zamani na kujiunga vibaya. Kabla hajafikiri, mdomo ukamtangulia. "Mimi ningeweza kuutengeneza. Kwa plasta."

Wenzake wakamgeukia. "Mwenye macho haambiwi tazama," Dada akasema huku akicheka. "Basi asiye nayo na aambiwe gusa."

Wakakubaliana tufe liwe na upana wa mita moja. Ugomvi ulikuja kwenye milima. Mtaalamu alipiga hesabu na kueleza kwamba mwezi, pamoja na sura yake ya mtu aliyeugua ndui, ni laini kuliko watu wanavyodhani. Kwenye tufe la mita moja mlima mrefu kuliko yote hautafika hata milimita tatu, na mashimo mengi yatakuwa na kina cha milimita moja au chini yake. Akashauri kila kitu kizidishwe mara kumi.

"Kwa nini?" Dada aliuliza.

"Ili uhisi, dada."

"Lete mkono wako." Akamshika kidole, akakiweka juu ya karatasi aliyoitoa mkobani, iliyoandikwa kwa nukta nundu. "Nukta hiyo unaihisi?"

"Naihisi."

"Ina urefu gani?"

"Kama nusu ya milimita."

"Mimi kwa hizo nasoma barua, nasoma magazeti, nimesoma na habari za mapenzi. Halafu wewe unataka kunizidishia mwezi mara kumi kama mtoto anayelishwa uji? Nyinyi mnaouona, mnauona kama ulivyo. Na mimi nipeni kama ulivyo."

Ikawa hivyo. Kazi ilichukua miezi kumi na moja, kwenye chumba cha uani alicholala mama yao mpaka alipofariki. Kwa kuwa mlango ni mwembamba, Mama Plasta aliutengeneza mwezi kwa nusu mbili, aje kuziunganisha huko huko kituoni. Alisuka mifupa ya waya, akaivika bandeji, akapaka chokaa tabaka baada ya tabaka, akizungusha ubao uliokatwa kwa upinde mpaka duara likawa duara kweli. Kisha ndipo ilipoanza kazi ya macho na vidole. Alirudi kutoka hospitali saa kumi, akabandika kipande cha ramani ukutani, akachukua bomba la sindano lililojaa plasta nyepesi na kudondosha milima tone kwa tone. Mashimo aliyachimba kwa kijiko cha dawa alichokinoa ukingoni.

Dada akitoka kazini alinawa mikono, akavuta kigoda, akapitisha vidole. Yeye ndiye aliyekuwa msahihishaji. Mtaalamu alikuwa amemchapishia orodha nzima kwa nukta nundu: jina la kila mahali, upana wake, kina chake, jirani zake. Mkono wa kushoto ukisoma orodha, wa kulia ulitembea mwezini.

"Hili shimo umelitia kina mno."

"Kwa kiasi gani?"

"Kwa unene wa ukucha. Si wa kwangu, wako, wewe huna kucha." Au, "Bahari hii ukingo wake wa mashariki umeufanya kama ngazi. Ramani haisemi hivyo." Mama Plasta alinung'unika, akachukua msasa, akaanza upya. Mara nyingine aligoma na kusema macho yake hayaoni kosa lolote. "Ndiyo maana nipo," Dada alimjibu.

Miezi hiyo walizungumza kuliko miaka yote iliyotangulia. Walimsema mama yao na ukali wake, wakamsema mume wa Mama Plasta aliyeondoka kwenda kununua betri za redio na asirudi. Siku moja, kwenye ule upande wa mwezi usioonekana kutoka duniani, Dada alilaza mkono wote, kuanzia kiganja hadi kiwiko, akauburuza polepole kwenda kusini. Akarudia. "Hapa pamebonyea," alisema. "Si shimo. Ni kama godoro lililolaliwa na mtu mzito."

Mama Plasta akainamisha kichwa, akatazama kwa pembeni, hakuona kitu. Jumamosi Mtaalamu alipokuja kukagua, akaonyeshwa mahali penyewe. Kigugumizi kikamshika. Lile, alieleza, ndilo bonde kubwa kuliko yote mwezini, na la kale kuliko karibu yote. Ni pana kiasi kwamba mtu akisimama katikati hawezi kujua yumo bondeni. Wataalamu wenyewe walihitaji vyombo vya kupimia kutoka angani ndipo wakawa na uhakika.

"Mimi nimehitaji kiwiko," Dada akasema. Jioni ile alikuwa na furaha ambayo mdogo wake hakuwahi kuiona usoni mwake, na alirudi kwenye bonde lile mara tatu kabla ya kwenda kulala.

Wiki mbili kabla ya ufunguzi nusu mbili zilipakiwa kwenye gari dogo la mizigo. Mama Plasta akaziunganisha kwenye ukumbi mpya, akaziba mshono, akapiga msasa. Dada akaja kuukagua kwa mara ya mwisho, akauzunguka wote kwa saa nzima, akasema, "Hapo sasa." Kwa mtu kama yeye, hayo yalikuwa matarumbeta.

Siku nne kabla ya ufunguzi Mama Plasta aliitwa kituoni peke yake. Mtaalamu alikuwa amesafiri kikazi. Aliyemwita alikuwa Mkurugenzi, mtu wa suti iliyonyooka na maneno yaliyonyooka zaidi, ambaye kwa miezi kumi na moja alikuwa akituma salamu tu. Alimkuta amesimama mbele ya mwezi, mikono nyuma.

"Mama, hongera. Kazi kubwa," alisema. "Ila naomba nikuulize kitu, usinielewe vibaya. Mbona kama yai?"

"Yai?"

"Yai la mbuni. Simama hapa nilipo. Unaona nini?"

Mama Plasta akasimama pale. Hata yeye, aliyekuwa anajua kila tone, aliona tufe jeupe, laini, lenye vivuli vichache vya kubahatisha.

"Ni kwa sababu vipimo ni vya kweli," alieleza. "Umetengenezwa kwa ajili ya vidole."

"Najua, na ni jambo jema sana. Lakini Ijumaa kuna waziri hapa, kuna kamera za televisheni. Wenye macho nao ni wananchi, mama. Wakiona yai watasema tumekula pesa bure." Akapunguza sauti, akawa kama mtu anayemwomba jirani chumvi. "Chimba mashimo kidogo, yapate kina. Tia rangi ya kijivu, tia nyeusi kwenye bahari, kisha vanishi nzuri ing'ae. Asiyeona ataendelea kugusa, tena atahisi zaidi. Kila mtu atapata chake. Na jina lako tutaliandika kwenye kibao cha shaba, pale chini."

Mama Plasta alisema angependa kwanza kumuuliza dada yake.

"Muulize," Mkurugenzi alisema. "Ila ukikataa sina ubaya, nitamwita fundi wa mabango. Yeye ana mkono mzito, lakini atafanya."

Hapo ndipo alipokamatika. Alijiambia kwamba heri mkono wake kuliko wa fundi wa mabango, na hilo lilikuwa kweli. Lakini kulikuwa na jingine ambalo hakujiambia, akalijua baadaye sana. Miaka kumi na tisa kila alichokitengeneza kilikwenda kwenye pipa. Huu mwezi ungebaki. Watu wangeingia mlangoni, wangeshika vifua na kusema lo! Na hakuna aliyewahi kusema lo! mbele ya yai.

Aliomba ruhusa hospitali, akafanya kazi siku tatu mfululizo, asubuhi mpaka jioni. Alichimba mashimo yakawa bakuli. Milima akaipandisha ikawa meno. Alipofika kwenye kuupaka rangi, mkono ulikuwa umeshazoea, na lazima isemwe kwamba alifurahi. Mwezi ulimtokea machoni kama mtu anayepanda kutoka majini. Upande wa nyuma mafundi wa umeme walihitaji mahali pa kufunga bamba la chuma la kubebea taa, na kwa kuwa hakuna mgeni ambaye angetazama huko, bamba likafungwa kusini, na pale palipobonyea pakajazwa plasta ili chuma kikae sawa. Aliyejaza ni yeye.

Jioni ya kwanza alirudi nyumbani na Dada akanusa hewa. "Unanuka mafuta ya taa."

"Wanapaka rangi wodini," Mama Plasta akasema. Alikuwa amesugua vidole vyake kwa mafuta ya taa kwenye bomba la nje, kuitoa rangi.

Jioni ya pili alifungua mdomo mara mbili, akaishia kuuliza kama chai imepoa. Jioni ya tatu Dada alikuwa akipiga pasi gauni la ufunguzi, akiimba chini chini, na Mama Plasta akaona si vizuri kumharibia siku. Angemwambia asubuhi. Asubuhi gari la kituo likaja mapema.

Ukumbi ulijaa. Waziri alisema kwamba anga ni la wote. Mkurugenzi akasema vivyo hivyo kwa urefu zaidi. Kisha taa zikazimwa, zikawashwa juu ya mwezi peke yake, na watu mia mbili wakavuta pumzi kwa pamoja. Mama Plasta, aliyekaa mstari wa pili, alisikia ile lo! aliyoingoja. Alitazama upande wa Mtaalamu, aliyekuwa amefika kutoka safarini asubuhi ile. Mtaalamu alikuwa ameukodolea macho mwezi, kinywa kikiwa wazi, lakini si kwa mshangao ule wa wengine. Alimtafuta Mama Plasta kwa macho, akampata, kisha akatazama chini.

"Na sasa," Mkurugenzi akasema kwenye kipaza sauti, "tunamwita mama yetu aliyetupa wazo hili. Macho yake hayaoni, lakini leo mwezi uko mikononi mwake!"

Dada akasimama. Wakamwongoza mpaka mbele, akaukabidhi mkoba wake kwa mtu, akainua mikono yote miwili.

Vidole vikatua kwenye vanishi. Mama Plasta aliviona vikisimama, kama mtu anayefungua mlango wa nyumbani kwake na kukuta samani za watu wengine. Vikaanza kutembea. Vikaingia kwenye shimo, vikatoka. Vikaingia jingine. Dada akajongea kulia, akiushika mwezi njia nzima, na wasaidizi wakampisha huku wakitabasamu. Akazunguka mpaka nyuma, akalaza kiganja na kiwiko, akauburuza mkono kwenda kusini, na ukakutana na chuma.

Akabaki hapo, mkono juu ya lile bamba. Machozi yakaanza kumtoka, naye hakuyafuta. Mtu mmoja akapiga makofi, wa pili akafuatia, mara ukumbi mzima ukasimama. Mpiga picha alikuwa amekwisha zunguka upande ule.

"Ungependa kusema neno?" Mkurugenzi akamwekea kipaza sauti mdomoni.

"Naomba mkoba wangu," Dada akasema.

Watu wakacheka kwa upendo, wakazidisha makofi.

Walipofika nyumbani Dada akavua viatu, akakaa kwenye kiti chake karibu na redio. Mama Plasta akasimama mlangoni.

"Nani amefanya?" Dada aliuliza.

"Mimi."

"Nilijua. Mkono wako naujua. Nilikuwa naomba uniambie ni mtu mwingine."

Mama Plasta akaeleza yote: yai, waziri, kamera, fundi wa mabango mwenye mkono mzito. Alieleza haraka haraka kama mtu anayemwaga ndoo. Dada akamsikiliza mpaka mwisho.

"Na rangi ya wodini?"

"Nilidanganya."

"Maisha yangu yote watu wananiambia kitu kilivyo, na mimi sina pa kwenda kuhakikisha. Wakisema kiti hiki chekundu, ni chekundu. Nimezoea. Lakini mwezi ule nilikuwa naujua mwenyewe, bila kuambiwa na mtu. Kitu kimoja." Akainuka. "Mngenipa ule mpira wa plastiki ingekuwa afadhali. Ule ulikuwa haujidai."

"Nitatengeneza mwingine, dada. Wa kwetu. Ule ule wa kwanza."

"Na nani atakusahihisha?"



Baada ya mwezi mmoja picha ilikuwa kila mahali. Kituo kilikuwa kimechapa mabango makubwa: Dada, uso juu, machozi mashavuni, mkono umekumbatia tufe linalong'aa; bamba la chuma lilikuwa limekatwa likabaki nje ya picha. Chini yake waliandika, Mwezi Mikononi Mwako. Dada aliambiwa habari za mabango na wenzake wa kazini, ambao walimpongeza na kusema amependeza. Akawapigia kituo kuomba yaondolewe. Mkurugenzi alipokea kwa heshima zote. "Dada yangu, picha ile inawaliza watu. Wageni wameongezeka maradufu. Unajua umewasaidia wangapi?" Akapiga tena wiki iliyofuata, na iliyofuata. Mara ya nne waliacha kumuunganisha, na kwa kuwa simu ndiyo kazi yake alijua kabisa ile pumzi fupi ya mpokeaji aliyeagizwa kusema bosi hayupo.

Mtaalamu alikuja nyumbani mara moja. Alisimama uani akigugumia kwamba alishtuka, kwamba siku ile haikuwa siku ya kuzua mambo mbele ya waziri, kwamba ameandika barua kwa uongozi na barua haijajibiwa. Dada alimsikiliza akiwa amesimama kizingitini. "Siku ya kwanza hukujua kitu na ulisema hujui," alimwambia. "Nilikupenda kwa hilo. Nenda salama, mdogo wangu."

Mama Plasta alijaribu. Alisuka waya mpya kwenye chumba cha uani, akavika bandeji, akabandika ramani. Akijifunga kitambaa machoni na kupapasa, alihisi mikwaruzo tu, isiyo na maana, kama mtu asiyejua kusoma aliyeshika gazeti. Akivua kitambaa, macho yalimwambia kila kitu kiko sawa, naye hakuyaamini tena. Mara mbili aliacha mlango wa chumba wazi makusudi jioni, na kumsikia Dada akipita kwenda jikoni bila kupunguza mwendo. Baada ya wiki tisa nusu tufe lile likawa mahali pa kuanikia mataulo.

Kisha mwalimu wa shule ya wasioona akapiga simu hospitali. Alikuwa anawapeleka wanafunzi ishirini na wawili kituoni, na akamwomba aliyeutengeneza mwezi awepo awasimulie. Mama Plasta alitaka kukataa. Akaenda.

Watoto walikuwa wameuzunguka mwezi, mikono arobaini na minne, wanapiga kelele za furaha. Mkurugenzi mwenyewe alikuwepo, amechangamka. "Hili naweza kutia ngumi!" "Njoo huku kuna mlima unachoma!" "Mwalimu, wanasema watu walitua wapi? Si wangetumbukia?" Mwalimu alikuwa na machozi machoni. Mama Plasta akakohoa, akasubiri wanyamaze.

"Nataka kuwaambia jambo," alisema. "Huo mnaoushika si mwezi. Ulikuwa mwezi, kisha nikauharibu. Mashimo hayo niliyachimba zaidi baadaye. Milima niliipandisha. Mwezi wa kweli ni laini sana, milima yake kwa kipimo hiki ni kama maandishi yenu ya nukta. Mngeweza kuusoma. Nyuma huko, penye chuma, palikuwa na bonde, nikalijaza."

Msichana mmoja wa mbele, kidole chake bado kimo shimoni, akauliza, "Kwa nini uliharibu?"

"Kwa sababu wenye macho walikuwa hawaoni kitu."

Kicheko kikalipuka. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Walidhani ni mzaha, tena mzaha mzuri kuliko yote waliyosikia siku hiyo. Mkurugenzi naye akacheka, akamshika Mama Plasta kiwiko kwa upole na kuwaambia watoto kwamba wasanii ndivyo walivyo, hawaridhiki kamwe na kazi yao. Watoto wakarudi kwenye mashimo. Msichana yule peke yake alibaki palepale, akapapasa tena polepole. Kisha mwenzake akamvuta mkono, akaenda kuonyeshwa mlima unaochoma.

Jioni ile Mama Plasta alimsimulia Dada yote, bila kupunguza. Dada alikuwa anakunja nguo zake zilizokauka, akipanga mshono juu ya mshono.

"Kwa hiyo umewaambia."

"Nimewaambia. Hawakuamini."

"Hilo si kosa lako." Akakunja kitu cha mwisho, akalaza kiganja juu ya lundo kulituliza. "Umefanya vizuri. Umewaambia watoto usiowajua hata majina."

Mama Plasta akangoja.

"Mimi ulikuwa nami hapa siku tatu," Dada akasema, "tunakunywa chai." Akabeba nguo zake, akaingia chumbani, akarudisha mlango taratibu, kama anavyofanya mtu mwenye adabu kwenye nyumba ya wenyewe.